Nyayo Zinapovuka Mpaka

Umoja wa Mataifa una askari Kongo tangu mwaka 1999. Mbona vita haviishi? Hapa Mugeta swali hili naulizwa mara kwa mara, na anayeuliza huwa ana uchungu. Wanaliuliza vijana waliomaliza JKT Rwamkoma na wanangoja kuandikishwa jeshini. Wanaliuliza akina mama ambao watoto wao wako vikosini na siku yoyote wanaweza kupangiwa misheni. Mkoa wa Mara una historia ndefu ya kutoa askari. Jenerali David Musuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20 kwenye vita vya Kagera na baadaye akawa Mkuu wa Majeshi, ni mzaliwa wa Butiama, si mbali na hapa. Wajukuu wa wale waliovuka mpaka kumfuata Idi Amin ndio leo wanaovaa kofia za bluu za Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo watu wa huku wanapouliza kama kofia hizo zinafaa kitu, wanauliza juu ya damu yao.

Nilifundisha Historia na Uraia katika sekondari za Bunda hadi nilipostaafu, na sasa ni mjumbe wa kamati ya ulinzi na usalama ya kijiji. Jibu langu limetoka kwenye vitabu na kwenye vikao vya kamati hiyo kwa pamoja, na nitalisema bila kuzunguka: walinda amani wanafaa sana pale ambapo waliokuwa wakipigana wamekubaliana kuacha, na hufa bure pale ambapo hakuna aliyekubaliana na mtu. Kosa kubwa la dunia ni kuwapeleka mahali pa pili na kuwapa kazi ya mahali pa kwanza.

Wengi hudhani Umoja wa Mataifa una jeshi. Hauna. Kuna Baraza la Usalama lenye wajumbe 15, na kati yao watano ni wa kudumu na kila mmoja ana kura ya turufu: Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa. Baraza hupitisha azimio, kisha Katibu Mkuu huanza kubisha hodi kwa nchi wanachama kuomba askari. Nchi inayokubali hutoa kikosi na silaha zake, na Umoja wa Mataifa huirudishia dola za Marekani 1,400 na kidogo kwa kila askari kwa mwezi. Wakubwa wenye kura ya turufu hutoa fedha nyingi, lakini askari wengi hutoka Nepal, Bangladesh, India, Rwanda, Ghana na nchi nyingine kama yetu. Mpango huu ulianza mwaka 1948 kwa waangalizi wasio na silaha huko Mashariki ya Kati, na tangu hapo umejengwa juu ya misingi mitatu: pande zote ziridhie askari kuwapo, askari wasipendelee upande, na wasitumie nguvu isipokuwa kujilinda au kulinda jukumu walilopewa. Ukiitazama misingi hiyo utaona kwamba yote inachukulia amani imekwisha kupatikana, na askari amekuja kuichunga tu.

Sasa tuje Kongo.

Tarehe 20 Novemba 2012 waasi wa M23 waliingia Goma, mji wa watu wengi sana, huku walinda amani wenye magari ya deraya na helikopta wakiwatazama wakipita. Fedheha ile ndiyo iliyozaa azimio namba 2098 la tarehe 28 Machi 2013. Kwa mara ya kwanza Baraza la Usalama liliunda brigedi yenye ruhusa ya kwenda kuwashambulia waasi badala ya kungoja kushambuliwa: askari 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, Mtanzania. Tarehe 28 Agosti mwaka huo Meja Khatibu Mshindo aliuawa kwenye mapigano ya Kibati, nje kidogo ya Goma. Mapema Novemba M23 walikuwa wamesambaratika na kukimbilia Uganda na Rwanda.

Jirani yangu mmoja alipelekwa upande wa Beni na brigedi hiyo. Anapoeleza kazi yao haanzi na mizinga. Anaanza na mama mmoja aliyekuwa akija kwenye geti la kambi na ndoo ya maharage kichwani. Askari walizoea kununua maharage yake. Siku moja aliitua ndoo, akajifanya anapima, akasema kwa sauti ya chini bila kuinua kichwa: "Bale batu bamepita huku usiku, beko bengi." Akalipwa, akajitwika ndoo yake, akaenda. Jioni ile doria ilibadilishiwa njia. Askari asiyejua Kiswahili angenunua maharage akarudi zake. Jirani yangu anasema hakuna darubini waliyopewa iliyowafaa kuliko akina mama wa aina ile, na namwamini, maana ndivyo hata kamati yetu inavyopata habari za wezi.

Na hapa lazima nieleze tunavyofanya sisi. Ng'ombe wakiibwa usiku, yowe hupigwa, vijana hukusanyika na nyayo hufuatwa. Utaratibu wa Mara nzima, tangu kwa wazee hadi kwa sungusungu, ni kwamba nyayo zikifia kwenye kijiji fulani, kijiji hicho ndicho kinachobanwa. Ama waonyeshe zilipotokea kuendelea mbele, ama watoe mwizi, ama walipe. Hatukubali mtu aseme "hatukuona kitu" wakati kwato zimeingia kwake. Kuweka walinzi zizini ni jambo jema na tunaliweka, lakini walinzi peke yao hawajawahi kumaliza wizi, kwa sababu mwizi ana mahali pa kulala, ana anayempa chakula, na ana mnunuzi. Wizi hupungua siku anayempokea anapoanza kulipa.

Brigedi ile ya 2013 ilifanikiwa kwa sababu mbili, na kwa kawaida husimuliwa moja. Askari wetu walipigana vizuri, hilo ni kweli na lisifutwe. Lakini pia kulikuwa na watu waliofuata nyayo. Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilikuwa limeandika mwaka 2012 kwamba M23 walikuwa wakipata askari na silaha kutoka Rwanda. Rwanda ilikana, na bado inakana. Hata hivyo Marekani, Uingereza, Ujerumani na Uholanzi zilisimamisha sehemu ya misaada yao kwa Kigali. Februari 2013 nchi 11, Tanzania ikiwamo, zilisaini mjini Addis Ababa mkataba wa kutosaidia waasi wa jirani. Waasi walipobanwa mbele na Mwakibolwa, nyuma yao nako hakukuwa tena na mtu aliyethubutu kuwapokea waziwazi na silaha. Vita vikaisha ndani ya wiki chache.

Baada ya hapo dunia ikageuza uso. Brigedi ilibaki, ufuatiliaji ukalegea. Mwishoni mwa mwaka 2021 M23 walianza tena. Juni 2022 wakachukua Bunagana, mji wa mpakani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikapeleka kikosi chake Novemba 2022; kufikia Desemba 2023 serikali ya Kongo ilikuwa imekiondoa, ikilalamika kwamba hakipigani. Wakaja SADC, wakiwamo askari wetu. Mwaka 2024 Kundi la Wataalamu likaandika kuwa kulikuwa na askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 ndani ya Kongo. Nyayo zilikuwa wazi kuliko za mwaka 2012, lakini safari hii hapakuwa na aliyebanwa mapema. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ikaanguka tena. Askari 14 wa Afrika Kusini walikufa, Wamalawi pia, na Jeshi la Wananchi likatangaza vifo vya Watanzania wawili. Azimio namba 2773, lililolitaja jeshi la Rwanda kwa jina na kulitaka liondoke, lilipitishwa tarehe 21 Februari 2025, wakati mji ulikuwa umekwisha kuchukuliwa na Bukavu nayo imefuata. Tarehe 13 Machi SADC wakafunga misheni yao. Makubaliano ya Kongo na Rwanda yalisainiwa Washington tarehe 27 Juni, na Desemba mwaka huo huo M23 wakaingia Uvira, ng'ambo ya ziwa tunalochangia na Wakongo.

Nisionekane nimefuata nyayo za upande mmoja. Nyingine zinaingia Kinshasa. Jeshi la Kongo limeshirikiana na FDLR, kundi ambalo chimbuko lake ni waliofanya mauaji ya kimbari ya Rwanda, na hofu ya Kigali juu ya kundi hilo haikutungwa. Nyingine zinaishia kwenye machimbo ya koltani ya Rubaya, ambayo M23 waliyachukua mwaka 2024, na kutoka hapo zinaendelea hadi kwa wanunuzi wasiouliza madini yametoka wapi. Mlinda amani mwenye bunduki kwenye kilima cha Kivu hana uwezo wowote juu ya nyayo hizo. Wenye uwezo wamekaa New York, na wengine kwenye makampuni.

Nirudi nyuma. Kuhusu shambulio la Semuliki nitakaa kidogo, kwa sababu watu wetu hawajaelezwa vya kutosha. Jioni ya tarehe 7 Desemba 2017 waasi wa ADF walivamia kituo cha walinda amani cha Semuliki, kwenye msitu wa Beni. Watanzania 15 walikufa na wengine zaidi ya 40 walijeruhiwa. Katibu Mkuu António Guterres alisema lilikuwa shambulio baya kuliko yote kwa walinda amani katika historia ya karibuni ya Umoja wa Mataifa. Waliagwa Dar es Salaam kwa heshima zote, wengine wakavushwa kwenda kuzikwa Zanzibar. Wengi wetu tunaijua habari mpaka hapo, kwenye majeneza na bendera.

Umoja wa Mataifa uliunda jopo la uchunguzi, na Machi 2018 ukatangaza muhtasari wake. Jopo lilikuta kwamba misheni haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwapelekea askari wale nguvu za ziada wala wa kuwatoa. Lilikuta upungufu wa mafunzo na maandalizi. Lilikuta matatizo ya uongozi na ya amri, na uhaba wa ndege, wahandisi na habari za kiintelijensia. Hebu yasomwe hayo polepole na mzazi mwenye mtoto jeshini. Vijana waliwekwa katikati ya msitu wa adui, na hakuna aliyekuwa amepanga jinsi ya kuwafikia wakizidiwa. Hapa kijijini kijana hatumwi hata kufuata ng'ombe watatu bila kundi la pili kukaa tayari kujibu yowe lake. Ushujaa ulikuwapo wa kutosha; mwaka uliofuata, katika msitu huo huo wa Beni, askari wa Malawi, Chancy Chitete, aliuawa akiwa anamwokoa Mtanzania aliyejeruhiwa, akatunukiwa nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Umoja wa Mataifa. Kilichokosekana ni vitu vya kununuliwa na vya kupangwa.

Ipo pia aibu ambayo wengi hawapendi niitaje nikiwa na wazee wa jeshi, lakini naitaja. Juni 2023 Umoja wa Mataifa ulitangaza kukirudisha nyumbani kikosi cha askari 60 wa Tanzania kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati, baada ya uchunguzi wa awali kuonyesha ushahidi wa unyanyasaji wa kingono unaowahusu 11 kati yao, na waathirika wanne. Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 31 Julai 2022, askari wa brigedi ya Kongo waliokuwa wanatoka likizo walifyatua risasi kwenye kituo cha mpakani cha Kasindi na raia wakafa. Ile ilikuwa wiki ambayo wananchi wa Goma na Butembo walikuwa barabarani wakitaka MONUSCO, misheni ya Umoja wa Mataifa huko Kongo, iondoke. Mama wa maharage haji kwenye geti la kambi ambayo binti yake anaiogopa. Na asipokuja, kambi nzima imekuwa kipofu. Kwa hiyo nidhamu ya askari ndiyo roho ya kazi yenyewe, na anayeficha kosa la mwenzake anawatoboa macho waliobaki.

Niliposema walinda amani wanafaa, sikusema kwa kufariji. Msomi wa Marekani, Virginia Page Fortna, alichunguza nchi nyingi zilizomaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe na kuchapisha matokeo yake mwaka 2008: palipokuwa na walinda amani baada ya makubaliano, hatari ya vita kurudi ilipungua kwa zaidi ya nusu. Jirani zetu Msumbiji ni mfano. FRELIMO na RENAMO walisaini Roma mwaka 1992, kofia za bluu zikaja, silaha zikakusanywa, uchaguzi ukafanyika 1994 na askari wakaenda zao. Sierra Leone na Liberia zilipita njia hiyo hiyo. Visiwani Anjouan, Machi 2008, askari wa Tanzania na Sudan chini ya Umoja wa Afrika waliisaidia serikali ya Komoro kumwondoa Kanali Mohamed Bacar kwa siku chache tu. Kazi ilikuwa na mwanzo na mwisho.

Na Rwanda? Makubaliano yalisainiwa kwetu Arusha tarehe 4 Agosti 1993. Walioyasaini hawakuwa na nia moja, na wengine walikuwa wakigawa mapanga. Mauaji yalipoanza Aprili 1994, Baraza la Usalama lilipiga kura tarehe 21 ya mwezi huo kupunguza walinda amani kutoka takriban 2,500 hadi 270. Wiki moja baadaye karibu watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda unaokaribia siku moja. Nilikuwa nafundisha wakati ule, na wanafunzi walinitaka niwaeleze inakuwaje askari wanaondolewa watu wakiwa wanachinjwa. Hakuna somo la Uraia linalojibu hilo. Jibu ni kwamba wenye kura hawakutaka kugharamia.

Burundi ndiyo iliyonifundisha zaidi, kwa sababu aliyeianza ile kazi amelala Mwitongo, Butiama. Mwalimu Nyerere alianza kuwaita Warundi Mwanza mwaka 1996, kisha Arusha mwaka 1998, vyama 17 na baadaye 19, watu ambao wengine hawakutaka kukaa chumba kimoja. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 kazi haijaisha. Nelson Mandela akaipokea, na mkataba ukasainiwa Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Walinda amani walikuja baadaye kabisa, wa Umoja wa Afrika mwaka 2003 na wa Umoja wa Mataifa mwaka 2004, wakakuta kuna kitu cha kulinda. Uchaguzi ulifanyika 2005, na mwisho wa 2006 askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameondoka. Machafuko yalirudi mwaka 2015 Rais Pierre Nkurunziza alipotaka muhula wa tatu, na wakimbizi wakajaa tena kwenye kambi za Nyarugusu na Nduta. Lakini miaka kumi ya watoto kwenda shule bila kukimbia si kidogo. Yale mazungumzo ya Mwanza na Arusha yaliyochosha kila mtu, ambayo magazeti ya nje yaliyaita ya polepole mno, yalifanya zaidi ya magari yote ya deraya yaliyosimama pembeni ya Goma mwaka 2012.

Sasa fedha zinapungua. Oktoba 2025 Umoja wa Mataifa ulitangaza kupunguza karibu robo ya walinda amani wake katika misheni tisa kwa sababu michango haikufika. Bajeti nzima ya ulinzi wa amani ilikuwa kama dola bilioni 5.6 kwa mwaka 2024/25, wakati dunia ilitumia zaidi ya dola trilioni 2.7 kwa majeshi mwaka 2024. Wapo wanaoshangilia, wanaosema waondoke tu, hawana faida. Wakaitazame Darfur, nchini Sudan. Watanzania saba waliuawa huko tarehe 13 Julai 2013 wakiwa kwenye msafara. Misheni ikafungwa tarehe 31 Desemba 2020 bila amani ya kweli kupatikana, vita vikalipuka Aprili 2023, na Oktoba 2025 mji wa El Fasher ukaangukia mikononi mwa wanamgambo wa RSF na watu wakauawa ovyo. Kikosi kile kilikuwa dhaifu, lakini kuwapo kwake kuliwazuia wengine mkono.

Kwa hiyo sitaki vijana wetu wazuiwe kwenda. Ninachotaka ni kwamba kikosi kingine kinapoandaliwa, Waziri wa Ulinzi asimame Bungeni na kueleza wanakwenda kulinda makubaliano gani na yamesainiwa na nani. Aeleze helikopta ya kuwatoa usiku itatoka kambi gani, na mpango wa kuwafikia wakizidiwa umejaribiwa au umeandikwa tu. Aeleze serikali yetu, ambayo ni jirani na ndugu wa wote wanaogombana, itasema nini hadharani siku nyayo zitakapoonekana zinavuka mpaka. Na ule muhtasari wa uchunguzi wa Semuliki utolewe kwa Kiswahili kamili, ubandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata, kuanzia hii ya Mugeta.